Bega la Mpagazi, Mkono wa Rugaruga

Mwezi Agosti 1871, katika njia itokayo Ulyankulu kwenda Zimbizo, Soud bin Said alikufa akiwa anashindilia bunduki. Alikuwa mmoja wa Waarabu wa Tabora. Akiwa na watu kama 500 alikuwa ameivunja Ulyankulu, na sasa alikuwa njiani kurudi na msafara uliolemewa na ngawira: zaidi ya pembe mia moja za ndovu, marobota ya nguo, na mateka kwa mamia. Nyasi za pande mbili za njia zilikuwa ndefu, na ndani yake watu wa Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, walikuwa wamelala kifudifudi wakingoja. Ishara ilipotoka waliinuka kwa pamoja. Soud aligeuka upesi, akafyatua bunduki yake ya mitutu miwili, akaangusha watu wawili, kisha akaanza kushindilia upya. Hapo ndipo mkuki ulipompitia kifua na kutokea mgongoni. Waarabu wenzake waliokuwa naye waliuawa wote.

Habari hii tunayo kwa kalamu ya Henry Morton Stanley, ambaye siku hiyo alikuwa amelazwa na homa palepale Zimbizo. Alikuwa amejiunga na Waarabu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, katika vita visivyo vyake, kwa sababu Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji naye alikuwa na haraka ya kumtafuta Livingstone. Jeshi walilotoka nalo Tabora lilizidi watu 2,000, na wengi wao walikuwa na bunduki. Kwa hesabu ya silaha, ushindi ulikuwa wao kabla ya kuanza.

Ulyankulu hiyo leo iko Wilaya ya Kaliua. Watu wengi wakiisikia hukumbuka makazi ya wakimbizi wa Burundi waliopokelewa kuanzia 1972, au tumbaku, au barabara yake ya vumbi. Mimi nikiisikia hukumbuka zile sekunde chache za Soud, mdeki uko mkononi na baruti haijashuka mtutuni. Kuna swali ambalo vijana wanaojifunza karate, judo au ngumi huulizana bila kuchoka: mtu aliyefunzwa kwa mikono mitupu, siku akishika fimbo, panga au bunduki, mafunzo yake yatamfuata? Wengi hulipeleka swali hilo Japani au Uchina. Huko nitapita mara moja tu. Jibu lake bora ninalolijua limelala katika nyasi za magharibi ya Tabora, miongoni mwa watu ambao hawakuwahi kuingia darasa la kupigana.

Tuanze na Uyowa. Leo hilo ni jina la kata katika Wilaya ya Kaliua. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa milki ndogo ya mtemi Kasanda, moja kati ya milki nyingi za Unyamwezi ambazo mtu aliweza kuvuka mbili au tatu kwa siku chache za kutembea. Mwanawe Mtyela alizaliwa karibu na mwaka 1840. Dunia ndiyo ikamwita Mirambo, jina la vita ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni maiti zilizolundikana. Sioni vema kulipita jina hilo haraka. Vijiji vilivyochomwa na watu wake vilikuwa vya Wanyamwezi wenzake kwa sehemu kubwa, na mama aliyekimbia na mtoto mgongoni hakujali kama aliyewasha moto alikuwa shujaa wa taifa la baadaye. Ninayoyaeleza hapa kuhusu ustadi wa watu hao yasomwe pamoja na moshi huo.

Wakati Mtyela anakua, Watuta walikuwa tayari wamefika. Hao walikuwa tawi la Wangoni waliotoka kusini kabisa mwa Afrika, wakauvuka Zambezi chini ya Zwangendaba mnamo Novemba 1835, wakafika Ufipa, na baada ya kifo chake huko miaka ya 1840 wakagawanyika. Tawi moja lilipanda kaskazini hadi likaweka makao kwenye mipaka ya Unyamwezi. Inasimuliwa kwamba Mtyela aliishi kati yao ujanani, akiwa mateka, na ndiko alikojifunza vita vyao. Kwa vyovyote iwavyo, baadaye walikuwa washirika wake, na namna yake ya kupigana ina alama zao waziwazi.

Walichokileta Watuta kilikuwa mkuki mfupi wa kuchomea, pamoja na ngao ya ngozi na utaratibu wa kufanya kazi kama mwili mmoja. Sagai ya kurusha humruhusu mtu kusimama mbali na adui, na ikishamtoka mkononi amebaki mtupu. Mkuki wa kuchomea hukaa mkononi, lakini hudai umfikie mtu karibu kabisa, mahali ambapo unaisikia pumzi yake. Mwenye mkuki wa aina hiyo asipokuwa na miguu, hana silaha. Umbali wote ulioko kati yake na adui lazima auvuke kwa mwili wake mwenyewe, na anauvuka akiwa, kwa maana halisi, mikono mitupu: hadi afike, chuma alichobeba hakimsaidii chochote.

Hapo ndipo ninapomuona mpagazi.

Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857. Katika aliyoyaandika juu ya Wanyamwezi kuna jambo moja ambalo kila mwalimu wa mazoezi angelisoma mara mbili. Aliona kwamba upagazi kwao ulikuwa kipimo cha uanaume. Mtoto alianza kuuzoea akiwa mdogo kwa kubebeshwa kipembe kidogo cha ndovu, na kijana aliyekataa safari ya pwani alidhihakiwa kwamba anakaa nyumbani kuatamia mayai. Baba hakuwa akimfundisha mwanawe vita. Alikuwa akimfundisha kubeba.

Na kubeba kwenyewe kulikuwa chuo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, kilo zaidi ya 30, na wenye pembe kubwa walibeba zaidi ya hapo. Mnyamwezi aliuweka begani, na bega lake baada ya safari kadhaa likaota sugu. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Tabora hadi Ujiji kwa upande wa pili ni karibu kilomita 400, kwa kupita misitu ya miombo na mbuga zinazogeuka kuwa matope ya magotini wakati wa masika. Siku ambazo maji yalikuwa mbali waliterekeza, yaani walianza safari mchana, wakalala nyikani bila maji, na kuamka kabla ya jua ili wakifikie kisima kesho yake.

Mtu akibeba kilo 30 begani katika njia nyembamba yenye mizizi, hujifunza vitu ambavyo hakuna anayemwambia. Hujifunza kuuweka mguu pale anapopajua kabla ya kuuhamishia uzito. Hujifunza kwamba kiuno ndicho kinachobeba, na bega ni kiti tu. Akiyumba, hayumbi kwa kichwa. Hurudisha uzito chini, katika nyonga, na kuendelea. Hujifunza kupumua kwa hesabu ya wimbo, maana asiyepumua na wenzake huachwa. Hujifunza kusikiliza barugumu na ngoma ya kirangozi, kiongozi wa msafara, na kusimama pale pale wenzake wanaposimama. Jioni hukata miiba ya boma hali amechoka, na usiku hulala sikio likiwa wazi.

Mwalimu wa karate akisoma orodha hiyo atadhani nimeiba daftari lake. Miaka ya kwanza ya mwanafunzi kule Okinawa huishia katika kusimama, kutembea na kupumua, na neno karate lenyewe, kama lilivyozoeleka kuandikwa tangu miaka ya 1930, lina maana ya mkono mtupu. Kisiwa hichohicho kina pia ustadi wa gongo refu, na shule nyingi hufundisha vyote viwili kwa sababu mkao ni mmoja. Wanaoshika gongo baada ya miaka ya mkono mtupu hugundua kwamba nyonga na miguu yao inajua cha kufanya, ila viganja vyao ni vya mtoto mchanga. Hilo la viganja nitalirudia.

Warugaruga, wapiganaji hao wa Mirambo, walitoka wapi? Walitoka njiani. Kati yao walikuwapo wapagazi waliotoroka misafara, mateka wa vita, watumwa waliokimbia mabwana, na vijana ambao ukoo wao ulikuwa umesambaratika. Walivaa nguo nyekundu na manyoya, wakajipamba kwa pembe na shaba, wakavuta bangi, na kila aliyewaona aliandika juu ya hofu waliyoitia. Mavazi hayo yamewafanya wasomaji wengi wawadhanie kuwa kundi la wahuni. Lakini chini ya nguo nyekundu kulikuwa na miili iliyokwisha kusomeshwa na barabara. Mirambo hakuwa na haja ya kuwafundisha kutembea usiku kucha na kushambulia alfajiri, ambayo ndiyo ilikuwa saa yake. Walikuwa wamefanya nusu ya kazi hiyo maisha yao yote wakiwa na pembe begani. Alipowaondolea mzigo na kuwapa mkuki, walikuwa wepesi kupita wepesi wa kawaida.

Stanley alikutana naye hatimaye Aprili 1876, mahali paitwapo Serombo, na wakachanjiana udugu wa damu. Alikuwa ametazamia jambazi. Akamkuta mtu mrefu wa miaka kama 35, mpole wa sauti, asiye na makuu. Katika mazungumzo Mirambo alimweleza kwa nini alipenda kupigana na vijana. Wana macho makali na viungo vinavyokunjika, hawafikirii mke wala mtoto, na neno moja linatosha kuwainua. Tazama alichokitaja. Hakutaja shabaha, wala nguvu ya mkono. Alitaja macho, viungo na moyo, yaani vitu ambavyo mtu huwa navyo kabla hajapewa silaha yoyote.

Sasa turudi kwa bunduki, kwa kuwa bila kuielewa hatuwezi kumtendea haki Soud bin Said.

Gobori la karne ile lilijazwa kwa mdomo. Unasimamisha mtutu, unamimina baruti kutoka pembeni mwako, unaweka kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, unarudisha mdeki mahali pake, unatia fataki, au kama ni ya gumegume unatia baruti kidogo kwenye kisahani chake, unavuta jogoo, unalenga. Askari wa Ulaya aliyezoezwa, mwenye baruti iliyofungwa tayari kwenye karatasi, aliweza kupiga mara tatu kwa dakika. Mtu wa msafara, mwenye baruti ya kumimina na mikono inayotetemeka, hakukaribia hapo. Katikati ya mlio mmoja na mwingine palikuwa na pengo, na mwenye bunduki ndani ya pengo hilo alikuwa mtu aliyeshika bomba la chuma.

Mitutu miwili ya Soud iliahirisha pengo mara moja zaidi. Baadaye likamkuta. Na warugaruga walikuwa wamelala karibu mno na njia kiasi kwamba muda wa kuliziba haukuwepo. Hapo walikuwa wamekwisha kuushinda mchezo: walichagua umbali ambao silaha ya adui ni nzito na yao ni nyepesi. Ustadi huo haukutoka kwenye chuma cha mkuki. Ulitoka katika subira ya mwili, ya kulala katika nyasi bila kukohoa huku msafara wa mamia ukipita kwa hatua chache. Mwili unaoweza kuterekeza unaweza kulala hivyo.

Wapo watakaosema basi kumbe bunduki haikuwa na maana. Mirambo mwenyewe angewacheka. Ugomvi wa 1871 ulianzia kwenye hongo aliyoidai kwa msafara uliokuwa ukipita kwenda Ujiji: mapipa matano ya baruti, bunduki tano, na marobota matano ya nguo. Mtu anayedai baruti kabla ya nguo anajua anachokihitaji. Maisha yake yote aliitafuta njia ya kununua silaha bora bila kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Unyanyembe, na ndiyo sababu moja iliyomfanya awakaribishe wamishonari wa London. Daktari Ebenezer Southon alifika Urambo, makao ya Mirambo, mwaka 1879 na kukaa naye hadi alipofariki mwaka 1882 kutokana na jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Hata kifo hicho kinasema jambo: bunduki ina hatari zake hata kwa aliyeishi nayo karibu.

Kwa hiyo warugaruga walijifunza bunduki, wakaitumia na mkuki kwa pamoja. Walipiga, wakaruka, wakashindilia nyuma ya mti au kichuguu, au wakaiacha kabisa na kuingia na chuma. Kilichohama kutoka katika mwili wao wa zamani ni miguu na pumzi. Kilichohitaji kujifunzwa upya ni kila kitu kuanzia kiganjani: kipimo cha baruti, jicho juu ya mtutu, utulivu wa kidole. Ningependa vijana wa karate walielewe jambo hili kama lilivyo, kwa sababu huko ndiko mabishano yao hukwama. Mmoja husema mafunzo huhama, mwingine husema hayahami, na wote wawili wanamtazama mtu mmoja. Yaliyo chini ya kiuno na yaliyo kifuani huhama. Yaliyo kiganjani hayahami. Kila silaha huyataka yaanzwe moja.

Na kuna umbali, ambao uko katikati. Mtu wa mieleka hupima dunia kwa urefu wa mkono wake. Mpe fimbo, naye kwa wiki nyingi atasimama karibu mno. Watu wa pwani wamelijua hili kwa njia ya furaha. Lamu, siku za Maulidi, wanaume hucheza kirumbizi kwa fimbo, zumari na ngoma zikiwasindikiza, na anayeingia uwanjani kwa mara ya kwanza huonekana mara moja: miguu inacheza vizuri, lakini fimbo yake haifiki, au inafika kupita kiasi. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba, silaha laini ambayo humruhusu mtu ajifunze umbali bila kuuawa na kosa lake. Ninaipenda hekima hiyo. Kipimo cha silaha hakifundishwi kwa maneno, na hakifundishwi na mkono mtupu. Hufundishwa na kitu chenye urefu huohuo ambacho hakitaki damu.

Siku chache baada ya kifo cha Soud vita vilihamia Tabora kwenyewe. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliuingia mji. Khamis bin Abdallah, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Waarabu na jasiri kuliko wengi wao, alitoka na watumwa wenye bunduki wapatao 80 kwenda kumkabili. Walipowaona warugaruga wanawajia, wale watumwa walikimbia. Khamis aliuawa pamoja na kijana aliyemlea, na sehemu ya mji ikateketea kwa moto huku Stanley akitoboa matundu ya kupigia risasi katika kuta za nyumba yake ya Kwihara.

Siwezi kuwalaumu wale watumwa. Walikuwa na bunduki, na miguu walikuwa nayo, maana ndiyo iliyowaokoa. Wengi wao huenda walikuja njia ileile ya wapagazi, wakiwa na minyororo. Hawakuwa na sababu ya kufa kwa ajili ya mtu aliyewanunua. Mafunzo yote ya mwili yakikutana na silaha, bado kuna jambo la tatu, nalo ni kwamba mwenye mwili huo anapigania nini. Hapa hata mwalimu hodari hana cha kufundisha.

Kusini ya Tabora, Ukimbu, palikuwa na mtu mwingine aliyelijua jambo la tatu kwa namna ya kutisha. Nyungu ya Mawe, mwenye jicho moja, aliunganisha nchi ya Kiwele kwa warugaruga wake katika miaka hiyohiyo ya Mirambo, na inakumbukwa kwamba aliwaita watu wake magogo. Vita vikipamba moto huagiza magogo yaongezwe, kama mtu anayechochea moto. Alikufa mwaka 1884, na mwanawe wa kike, Mgalula, akairithi nchi. Mirambo naye alikufa Desemba 2 mwaka huohuo. Urambo haukudumu baada yake. Vijana walikuwapo wenye miguu ileile na mikuki ileile, ila mkono uliowakusanya ulikuwa umekwenda.

Kisha wakaja Wajerumani na bunduki zisizo na pengo. Hii ndiyo sehemu ya historia inayoniuma zaidi kuiandika. Kwa muda mfupi ilionekana kama mwili ungali unaweza. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walilala katika kichaka kando ya njia, wakaingoja kolamu ya Emil von Zelewski iliyokuwa ikitembea mmoja nyuma ya mwingine bila kutanguliza wapelelezi, wakainuka kwa ishara ya mlio mmoja, wakaimaliza kwa mikuki kwa dakika chache kabla haijajipanga. Bunduki za kisasa na mizinga ya kolamu ile hazikupata nafasi. Ni Ulyankulu ya 1871 tena, mwezi uleule wa Agosti, miaka 20 baadaye.

Wajerumani walijifunza wasirudie. Walipoiendea Tabora, hawakutoa nafasi ya nyasi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijenga boma la kuta nene pale Kwikuru, akawazuia mwaka 1892 zaidi ya mara moja. Januari 1893 Luteni Tom von Prince alilivunja. Isike, alipoona adui yuko ndani, aliiwasha ghala yake ya baruti. Boma lilikuwa limemgeuza mtu wa nchi ya wapagazi kuwa mtu wa kukaa mahali pamoja, na huenda hilo ndilo lililokuwa kosa. Lakini nani angemshauri aende nyasini na mji wake wote?

Baada ya hapo warugaruga walibaki kuwa jina. Wajerumani waliwaajiri kama askari wa nyongeza katika vita vyao, wakati wa Maji Maji na baadaye. Vijana wengine walivaa sare na kujifunza kwata: mguu pande, mguu sawa, kwanza bila silaha, kisha na silaha. Anayepita leo karibu na kambi ya Milambo mjini Tabora, ambayo kwa haki imepewa jina la mtu wa Uyowa, au aliyewahi kupita JKT, anaujua mpangilio huo. Hakuna mkufunzi anayempa kuruta bunduki siku ya kwanza. Humpa uwanja, jua na hatua. Majeshi ya dunia nzima yamefikia jibu la swali la vijana wa karate bila kulibishania, na jibu lao ni utaratibu wa siku: miguu kwanza, chuma baadaye, kisha wiki nyingi za chuma peke yake.

Ngoma nazo zililichukua jambo hilo. Beni, iliyoanzia mijini pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilisafiri bara pamoja na askari na makarani hadi Tabora, ikiwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vyeo vyake, na mistari yake ya kutembea kijeshi. Watu walicheza kwata bila bunduki na kwa fahari kubwa. Baadhi ya wakoloni waliingiwa na wasiwasi kwamba wachezaji hao wangegeuka jeshi. Hofu yao ilikuwa na akili ndani yake: waliona miguu, wakajua nusu ya kazi imekwisha. Walichosahau ni ile nusu ya pili. Mchezaji wa beni akipewa bunduki bado angehitaji kuanza kiganjani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita Kaliua, ikafika Kigoma mapema mwaka 1914. Chuo cha barabara kilifungwa kwa filimbi ya garimoshi. Safari iliyokuwa ya wiki nyingi begani ikawa ya siku mbili ukiwa umekaa. Neno mnyampara, lililokuwa la mkuu wa wapagazi na kabla ya hapo la mzee wa Kinyamwezi, likahamia kwenye mashamba na magereza likiwa mnyapara.

Halafu vita vikaja juu ya reli hiyohiyo. Katikati ya 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Charles Tombeur, yaliteka Kigoma na kuanza kupanda kuelekea mashariki. Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja. Mwanzoni mwa Septemba walipigana Usoke, baadaye Lulanguru na Itaga, na tarehe 19 Septemba Tabora ikaanguka. Garimoshi halikuweza kupita, kwa hiyo kila upande ukawarudia wapagazi. Uingereza peke yake, kwa hesabu ya serikali yake, ilipoteza wapagazi takriban 95,000 katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa njaa, kuhara na homa, na Dar es Salaam ina soko na mtaa uliobeba jina la kikosi chao, Kariakoo.

Wanaume wa Unyamwezi waliitwa tena njiani, safari hii kwa lazima. Wazee kati yao walikuwa na sugu za zamani begani, za enzi za pembe. Vijana walilazimika kujifunza upya katika siku chache mambo ambayo babu zao waliyapata utotoni: mguu kabla ya uzito, pumzi kwa hesabu, kulala bila maji. Miili yao ilikuwa ileile iliyomshinda Soud bin Said. Walibeba masanduku, na katika masanduku hayo mlikuwa na risasi za bunduki ambazo hawakuruhusiwa kuzishika.